Hesabu ya Kwa Mia

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari ya hesabu ya kwa mia, ambayo vitabuni huitwa asilimia. Sisi tulipokuwa wanafunzi tuliikariri bila kujua kazi yake. Basi twende Simbo, katika nchi ya Kigoma, penye michikichi, maana mawese yatatufunza upesi kuliko ubao.

Tuseme mwanamke mmoja amenunua debe la mawese Simbo kwa sh. 40,000, akaliuza Ujiji kwa sh. 50,000. Mumewe asema faida ni 20 kwa mia. Mwenyewe asema ni 25. Ni nani mwenye haki? Wote wamegawanya sawasawa, ila mume amezigawanya zile 10,000 kwa bei ya kuuzia, na mke kwa mtaji. Kwa hiyo mtu akikutajia kwa mia, mwulize kwanza: mia ya nini? Sisi twashika njia ya mke, lakini nauli nayo ni mtaji. Ikiwa alilipa sh. 2,000 garini, mtaji ni 42,000 na faida 8,000, yaani 19 kwa mia na kidogo.

Tena, debe la 50,000 likishuka bei 20 kwa mia huwa 40,000. Likipanda tena 20 kwa mia halirudi pale, hufika 48,000 tu.

Lakini jambo livunjalo nyumba ni mkopo. Mtu ataka sh. 100,000 za sare za watoto, aambiwa riba ni kumi kwa mia, naye moyoni asema, “Nitalipa 110,000.” Hakuuliza kama ni kwa mwaka au kwa mwezi! Ikiwa ni kwa mwezi, naye asilipe kitu mwaka mzima, riba ni 10,000 mara 12, na deni lote 220,000. Na ikiwa riba huongezwa katika deni kila mwezi, mwezi wa pili atatozwa 11,000, wa tatu 12,100, hata mwisho wa mwaka deni limepita 313,000. Naye aliambiwa maneno yale yale matatu.

Haya, wanafunzi, shikeni kalamu. Dagaa wamenunuliwa kwa sh. 60,000, nauli 4,000, wakauzwa kwa 80,000. Faida ni ngapi kwa mia? Jibu ni 25. Aliyepata 20 amegawanya kwa bei ya kuuzia. Aliyepata 33 na zaidi ameisahau nauli.