TUSIPOTEZE SAUTI ZETU: KUCHAGUA SEVA YA MUZIKI KWA BEI NAFUU

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu shuleni)



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuchagua mtambo wa kutunzia muziki nyumbani, ule unaoitwa seva, kwa fedha za mtu wa kipato cha kawaida. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa serikali ninayeishi kwa mshahara. Lakini jambo hili nimejifunza kwa hasara, na wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Marehemu baba yangu aliacha kanda 60 za kaseti. Alikuwa akirekodi muziki kutoka redioni: dansi, taarab na kwaya. Baina ya wimbo na wimbo alitia sauti yake mwenyewe, akitaja jina la bendi na tarehe. Nilizinakili zote katika diski moja ya kompyuta. Kisha, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa, nikazitupa kanda. Mwaka uliofuata umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na diski ile haikuwaka tena. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa. Leo ninazo kanda 11 tu, kwa sababu nilikuwa nimempa dada yangu nakala zake katika flashi. Sauti ya baba katika zile 49 imekwenda, na hakuna duka linaloiuza.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akiniuliza anunue seva gani, namjibu: anza kwa kuhesabu bei ya diski mbili, kisha fedha itakayobaki ndiyo ya mashine.

Seva ni nini? Ni kompyuta yoyote inayokaa nyumbani na kutunza nyimbo, ikizigawa kwa simu, redio na spika za humo ndani kupitia mtandao wa nyumba. Kusikiliza nyimbo hizo nyumbani hakuhitaji kununua bando. Kazi yenyewe ni nyepesi, wala haihitaji kompyuta yenye nguvu.

Njia za kuipata kwa bei nafuu ni tatu. Ya kwanza ni kompyuta ya mapajani iliyozeeka. Kama betri yake bado inashika chaji, umeme ukikatika mashine haizimiki ghafla. Ya pili ni kompyuta ndogo ya kibao kimoja, kama Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2012 na inaenea kiganjani. Ya tatu ni kompyuta kubwa ya mezani iliyotupwa kando ofisini au nyumbani. Hii ya tatu huonekana kuwa ya bure, lakini tupige hesabu. Mashine inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 525 kwa mwaka. Ile ndogo inayokula wati 5 humaliza uniti 44 hivi. Cha bure kinaweza kuwa ghali.

Sasa nafasi. Sekunde moja ya muziki wa CD ni vipimo 44,100 kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Dakika moja huchukua megabaiti 10 hivi. Ukiuhifadhi muziki huo kwa mtindo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hupungua kufikia karibu nusu bila kupoteza chochote. Mtindo wa MP3 hupunguza zaidi, lakini hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Nashauri nakala kuu iwe FLAC, na MP3 iwe ya simu tu. Diski ya gigabaiti 1,000 itabeba zaidi ya santuri 2,500 za saa moja moja kwa FLAC. Wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo.

Programu zisiwatoe fedha. Jellyfin, Navidrome na Lyrion Music Server hutolewa bure. Kunakili kanda, programu ya Audacity nayo ni bure: unavuta waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta, unapiga kanda kwa mwendo wake, na unakaa kusikiliza. Kanda ya dakika 60 itakula dakika 60. Hakuna njia ya mkato. Wala msidanganywe na wauzaji wa vifaa vya bei kubwa: mkwaruzo ulio katika kanda utabaki kuwa mkwaruzo.

Narudi kwenye diski ya pili. Diski mbili ndani ya kasha moja bado ni mahali pamoja. Radi ni moja, mwizi ni mmoja, na moto ni mmoja. Diski ya pili ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki, na kila baada ya miezi mitatu iletwe, iongezewe yaliyo mapya, irudishwe. Halafu ifungueni na kusikiliza wimbo mmoja au miwili, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Ndugu Mwenyekiti, katika kabati la chumba cha muziki hapa shuleni zipo kanda za kwaya yetu. Humo zimo sauti za wenzetu ambao leo hatunao tena. Nimekuja na kompyuta yangu ya zamani ya mapajani na diski mbili, navikabidhi kwa shule. Nawaomba vijana wa kidato cha tatu wazinakili kanda hizo, wakiandika majina na miaka. Diski moja ibaki shuleni, ya pili akae nayo Katibu wetu nyumbani kwake.

Na kazi itakapokwisha, vijana, kanda zenyewe msizitupe.