Ukuta Ulioinama



Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la vyumba vya kupanga liliporomoka Huruma, kando ya mto. Walifariki watu wapatao 50. Jengo lile halikuwa na kibali, na lilikwisha kutajwa miongoni mwa yatakiwayo kubomolewa; wapangaji wakaachwa humo.

Tukisema ni qadari tumesema kweli, lakini qadari haimwondolei mtu dhamana. Fuqahaa wa Kihanafi wamelizungumza jambo hili katika mas-ala ya ukuta ulioinama: mwenye ukuta akionywa, akapata muda wa kuubomoa asiubomoe, kisha ukaanguka, hudhamini ulichokiharibu. Na onyo hupelekwa kwake, si kwa mpangaji, kwani mpangaji hana mamlaka ya kubomoa. Tazameni uadilifu huo!

Miongoni mwetu wamo wenye vyumba, na vingine ni waqfu wa misikiti. Nyaya za umeme zi wazi, dirisha lina nondo, mlango wa kutokea ni mmoja. Mpangaji akija kulalamika, twamwambia ahame. Malalamiko yake ndiyo onyo lenyewe. Basi kabla ya kupokea kodi ya mwezi huu tukavikague, tuanze na vya waqfu.