Khutba ya Ijumaa: Mchango wa Watoto Wagonjwa na Haki ya Ahadi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, twakuusieni, pamoja na nafsi zetu, tumche Mwenyezi Mungu.

Kila mwaka huja siku ambayo watu wa mji huu huitwa kuwachangia watoto wagonjwa. Mara huitwa kwa mbio za hisani, kama zile zilizoanzishwa na benki ya CRDB mwaka 2020, ambazo fedha zake zilikwenda kulipia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Mara huitwa kwa redio na televisheni, mtangazaji akipokea simu na kusoma majina: fulani wa Mtaa wa Kongo, laki moja; fulani wa Gerezani, laki tano. Leo tumeona tuzungumze juu ya majina hayo na fedha hizo.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Duniani kote, katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine tundu hujiziba lenyewe. Wengine wasipopasuliwa mapema hawakui. Hutweta wakinyonya, na midomo yao huwa ya buluu. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo mgonjwa wa namna hii ilibidi apelekwe ng'ambo, na wengi walipelekwa India. Sasa kazi hiyo hufanywa Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Lakini ukaribu wa hospitali si wepesi wa gharama, na mama auzaye mchicha hawezi kuibeba peke yake.

Kutoa kwa ajili ya wagonjwa si jambo geni kwa Waislamu wa pwani hii. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ijengwe hospitali Dar es Salaam, na huko Muhimbili jengo moja la wodi likaja kuitwa kwa jina lake.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mlango huu ni wa matajiri. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Mas'ud kwamba ilipoamrishwa sadaka, masahaba wasio na kitu walikwenda kubeba mizigo kwa ujira, wapate cha kutoa. Akaja mmoja na mali nyingi, wanafiki wakasema huyu ajionyesha. Akaja mwingine na pishi moja tu, wakasema Mwenyezi Mungu hana haja na pishi ya huyu. Mtaa wetu umepata jina lake kwa wabeba mizigo: Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Basi kijana asukumaye mkokoteni Mtaa wa Msimbazi, akituma shilingi elfu moja kwa simu yake, ametoa katika jasho la siku ile. Asichekwe, wala jina lake lisirukwe kwa udogo wa fedha.

Je, kutajwa jina si ria? Katika Suratul-Baqara, aya ya 271, Mwenyezi Mungu ameisifu sadaka ya dhahiri, na ile ipewayo mafakiri kwa siri akaitaja kuwa ni bora zaidi. Atakaye kutajwa ili wengine wafuate, na atajwe. Aiogopeaye nafsi yake, atume bila jina. Na wenzetu watangazaji twawaomba jambo moja: msimvue mtoto shati mbele ya kamera kuonyesha kovu, wala msimwombe mama yake alie. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo yakataza sadaka kufuatishwa masimbulizi na maudhi, na hayo ni maudhi.

Wengi hutuuliza habari za zaka. Wanazuoni wengi wamesema zaka ni haki ya watu waliotajwa katika Suratut-Tawba, si ya kuta na mashine. Mgonjwa fakiri aweza kupewa zaka kwa ufakiri wake. Jengo na vifaa vitafutiwe sadaka au wakfu.

Sasa tufike kwenye ahadi. Tulipata kukaa katika kamati moja ya mchango hapa mjini. Usiku wa mchango daftari lilijaa, takbiri zikapigwa. Tulipolifungua siku ya arobaini, mbele ya majina mengi palikuwa patupu. Na jina letu sisi wenyewe lilikuwamo. Tulikuwa tumesahau. Wanazuoni wamehitilafiana kama ahadi ya namna hii hudaiwa mbele ya kadhi, na mfanyabiashara mwerevu aweza kujificha katika hitilafu hiyo. Lakini Suratus-Saff imeanza kwa kuwakemea waumini wasemao wasiyoyatenda. Aliyeahidi kisha biashara ikaanguka ana udhuru: aseme, ili jina lake lifutwe na kamati itafute penginepo. Anyamazaye ndiye adhuruye, kwa maana hospitali huambiwa fedha zipo, nazo hazipo.

Basi leo mtakapotoka msikitini, kabla hamjafungua maduka, aliyetaja kiasi redioni au mbele ya watu akitume. Asiyeweza chote atume nusu, na aseme lini italetwa iliyobaki. Wazazi wa watoto hao wamekwisha kupewa tarehe ya upasuaji.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.