SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI: TUJIKINGE, NA TUIDAI SERIKALI

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.)



Najua wapo humu wanaojiuliza, afya ya mwanamke inaingiaje kwenye kikao cha siasa? Sisi si tunadai Katiba mpya? Nitafika huko kwenye Katiba. Kwanza tuongee kuhusu ugonjwa.

Katika saratani zote, inayowaua zaidi wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 wanaugua, na zaidi ya 6,000 wanafariki. Hao ni mama zetu, dada zetu, wake zetu. Na kinachouma ni kwamba huu ni ugonjwa unaozuilika!

Karibu wagonjwa wote wameupata kutokana na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi wanakipata, na mwili unakiondoa wenyewe. Kikibaki, kinabadilisha seli polepole, na mara nyingi inachukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU hatari ni mara sita zaidi, na safari inakuwa fupi. Miaka 15, makamanda! Hizo ni chaguzi kuu tatu. Katika muda wote huo mama anaweza kupimwa na kutibiwa kabla saratani haijaanza.

Na kipimo chenyewe siyo cha ajabu. Mhudumu anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ikionekana mapema, inaweza kugandishwa au kuunguzwa siku hiyo hiyo, mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kituo kimoja cha afya. Ana miaka 43, hajawahi kupimwa. Tumepanda bodaboda, tumekaa foleni tangu saa moja asubuhi. Saa sita tunaambiwa siki imeisha na dada anayepima yuko semina, njooni Alhamisi. Alhamisi shangazi hakwenda, maana ndiyo siku yake ya gulio. Mpaka leo namsihi. Kwenye takwimu ataandikwa kama mwanamke "asiyejitokeza". Jamani, alijitokeza! Ambaye hakujitokeza ni Serikali.

Sasa nije kwenye sheria, maana ndiyo ninayosoma. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa maradhi. Inapendeza. Lakini rudini nyuma, Ibara ya 7(2), mtakuta imeandikwa kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Maana yake shangazi yangu hawezi kuishika Ibara ya 11 akaenda nayo kwa jaji. Kwa hiyo anayesema Katiba mpya ni habari ya madaraka tu, mwambieni ni habari ya siki kituo cha afya.

Mfano wa pili. Binti akianza kujamiiana na kuzaa akiwa mdogo, hatari yake ya saratani hii inaongezeka. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi akaipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikafanya nini? Ikakata rufaa! Ikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Hebu niambieni, anayekata rufaa ili binti wa miaka 15 aendelee kuolewa, atatuhubiriaje afya ya uzazi?

Lakini tusilaumu tu, na sisi tuna kazi yetu.

Moja, chanjo. Tangu 2018 chanjo ya HPV inatolewa nchi nzima kwa mabinti, na tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Ni bure. Yale maneno ya mtaani kwamba inaharibu kizazi ni uongo, na baadhi yetu tunayasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuache. Hapa naisifu Serikali bila aibu, ilifanya vizuri.

Mbili, kina mama wenye miaka 30 hadi 50 wakapimwe, na wenye VVU waanze mapema zaidi. Usisubiri maumivu. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali leo leo.

Tatu, maisha ya kila siku. Sigara inaongeza hatari ya saratani hii. Kondomu inapunguza maambukizi ingawa haizuii yote. Chumvi, pombe na kukaa kutwa nzima kitini vinatuletea presha, kisukari na saratani ya matiti. Tembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Hiyo haihitaji jimu.

Nne, kina kaka. HPV hamuioni, lakini mnaibeba. Mpe mkeo nauli, baki na watoto, msindikize.

Tano, tudai kwa namba. Mwaka 2001 kule Abuja nchi za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, chukueni kikokotoo. Na kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, ulizeni: kituo chetu kinapima siku gani, na siki ipo?

Naomba kila tawi lililowakilishwa hapa lirudi na jibu la swali hilo kwenye kikao kijacho, kwa maandishi. Tukiyakusanya tutakuwa na hoja ambayo hakuna waziri atakayeiita uzushi.