Kuchagua Redio ya Kwanza ya Mawasiliano ya Ridhaa



Kila anayejifunza redio ya ridhaa huuliza: ninunue redio gani? Kabla ya kulijibu swali hilo, naomba kila mmoja wetu ajijibu jingine: unataka kuongea na nani, naye yuko umbali gani? Asiyejua anakotaka kufika anaweza kununua redio nzuri kabisa, ikabaki kimya mezani.

Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa Marekani na Uingereza, na humshauri anayeanza anunue redio ndogo ya mkononi ya VHF na UHF. Huko ushauri huo una maana, kwa sababu ripita zimewekwa milimani na juu ya majengo marefu. Mwenye wati 5 mkononi hupokelewa na ripita, nayo huirusha sauti yake mbali. Kwetu Afrika Mashariki ripita za ridhaa ni chache. Bila ripita, redio iliyoshikwa mita moja na nusu juu ya ardhi huwa na upeo wa kama kilomita 5 kwenye tambarare. Wawili wenye redio za namna hiyo watasikilizana kwa kama kilomita 10, na katikati ya maghorofa ya Kariakoo hata hizo hazifiki.

Siidharau Baofeng UV-5R. Bei yake inamfaa mwanafunzi, na kwa redio hiyo unaweza kusikiliza kituo cha kimataifa cha anga kikipita juu yetu, kwenye 145.800 MHz. Kwa kuratibu mbio au matembezi ya klabu inatosha. Lakini aliyeko Dar es Salaam hatampata mwenzake wa Dodoma kwa kifaa hicho, na wengi wetu tumekuja hapa kwa sababu ya mtu wa Dodoma, wa Nairobi, au wa bara jingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hapa kwetu, redio ya kwanza iwe ya mawimbi mafupi, yenye sauti ya SSB, ya wati 20 hadi 100. Bendi ya mita 40, ambayo katika kanda yetu ni 7.000 hadi 7.200 MHz, asubuhi na alasiri hufaa kwa mawasiliano ya kilomita mia chache. Wimbi hupanda karibu wima, likarudishwa na tabaka la ioni na kushuka hata nyuma ya milima. Giza likiingia, bendi hiyohiyo huvuka mipaka. Bendi ya mita 20, kuanzia 14.000 MHz, ndiyo njia ya Ulaya na Asia.

Wati zisiwatishe. Kutoka wati 5 kwenda 100 umezidisha nguvu mara 20, sawa na desibeli 13. Hatua moja ya mita ya S, inayoonyesha nguvu ya mawimbi unayopokea, ni desibeli 6. Aliyekuwa akikusomea S7 kwa wati 100 atakusoma karibu S5 kwa wati 5. Bendi ikiwa tulivu, bado mnaongea. Wati 100 ni faraja pale kelele za mjini zinapokuwa nyingi.

Xiegu G90 hutoa wati 20, na tyuna yake, yaani kifaa cha kuilinganisha redio na antena, iko ndani. Kwa mwenye mfuko mdogo na betri ya sola, naipendekeza bila kusita. Yaesu FT-891 hutoa wati 100 katika umbo dogo, ila tyuna hununuliwa kando. Icom IC-7300, iliyotoka 2016, huchora bendi nzima kwenye kioo, na kwa kebo moja ya USB huungana na kompyuta kwa ajili ya FT8, namna mojawapo ya mawasiliano ya kidijitali. Ni redio bora, lakini ikimaliza akiba yote usibakize hela ya antena, umekosea mahesabu.

Kwenye antena ndiko redio ya bei nafuu inapoishinda ya bei ghali. Gawanya 143 kwa masafa yako ya MHz, utapata urefu wa daipoli kwa mita. Kwa 7.1 MHz ni kama mita 20.1, yaani mita 10 na kidogo kila upande. Kata waya mrefu kuliko hesabu, uuvute kati ya mwembe na mnazi, kisha uupunguze kidogo kidogo huku ukiangalia mita ya SWR, inayoonyesha kama antena inalingana na redio. Kwa mawasiliano ya ndani ya nchi, kimo cha mita 6 hadi 8 kutoka ardhini kinatosha.

Umeme nao uangaliwe mapema. Redio ya wati 100 huhitaji volti 13.8, na hula karibu ampea 20 unaporusha. Waya wa betri wenye ukinzani wa omu 0.1 tu utapoteza volti 2 kwa mkondo huo. Mwenzako atasikia sauti iliyopasuka, nawe utailaumu redio. Tumia waya mnene, mfupi, wenye fyuzi karibu na betri.

Ukinunua iliyotumika, nenda na fundi, iwashwe mbele yako, irushe kwenye mzigo bandia unaotumika badala ya antena, na wati zisomwe kwenye mita. Angalia kama fyuzi imebadilishwa kwa kipande cha waya wa shaba. Kwa redio zilizokaa pwani, chungulia soketi ya antena: ukijani humo ni dalili ya chumvi ya bahari, na huenda imeshafika ndani.

Mwisho, leseni. Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Waulizeni kuhusu mtihani, ada na vifaa vinavyokubalika kabla hamjaagiza chochote kutoka nje. Wakati mnasubiri alama ya wito, inayoanza na 5H kwa Tanzania au 5Z kwa Kenya, tundikeni waya na msikilize bendi ya mita 40 kila jioni. Mkipata leseni, iteni. Tunahitaji sauti zaidi hewani kutoka ukanda huu.