ASIYEFUNDISHWA ASISIMAME MBELE YA MOTO

 Juma hili sitasema habari ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya watu wanaozima moto wa msituni. Ni nani anayestahili kwenda? Amefundishwa nini? Na ni nani aliyempima akaona kwamba anaweza?

Katika vijiji vyetu vya nyanda za juu, wakati wa kiangazi, moto ukionekana hupigwa mbiu. Kila mwenye nguvu hushika tawi bichi, panga au jembe, akakimbilia kwenye moshi. Huo ni moyo mwema wa kusaidiana, wala siubezi. Oktoba 2020 moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90, walipanda mamia ya watu kusaidia, wakiwamo wanafunzi. Lakini moyo mwema peke yake hauzimi moto, na mara nyingine humtia mtu mwenyewe hatarini.

Nitawapeni mfano wangu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, moto wa kusafishia shamba uliruka ukaingia kwenye misindano. Mimi ndiye niliyewahimiza vijana wapande kilimani, wakaungoje moto kwa juu. Nilidhani hiyo ni busara. Kumbe moto hupanda mlima mbio kuliko unavyoshuka, kwa maana joto lake hukausha majani yaliyo juu kabla haujayafikia. Upepo ukageuka, vijana wakatimka. Mmoja alivaa kandambili, zikayeyukia miguuni. Alipona, lakini msimu wa kupanda ulimpita akiwa amelala ndani. Siku ile sikustahili kumwamuru mtu yeyote, kwani hata mimi sikuwa nimefundishwa.

Ndugu msikilizaji, hata wenzetu wenye vyombo na ndege walijifunza kwa machungu. Huko Montana, Marekani, mwezi Agosti 1949, vijana hodari waliorushwa kwa miavuli kwenda kuzima moto walikimbizwa na moto wa nyasi kwenye mteremko wa Mann Gulch. Msimamizi wao aliwasha moto mwingine mbele yake, akawaita waingie wajilaze kwenye majivu, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena cha kuungua. Hawakumwelewa, maana jambo hilo halikuwamo katika mafunzo yao. Yeye alipona. Watu 13 wakafa. Vijana wale hawakukosa ushujaa, ila walikosa somo hilo moja.

Baada ya misiba ya namna hiyo, mwaka 1957 wenzetu hao waliandika amri kumi za kazi ya moto. Siku hizi anayekwenda kwenye moto mkubwa huko lazima awe na kadi ya sifa zake, iitwayo kadi nyekundu. Wapenzi wa mpira msicheke: kadi hii haimtoi mtu uwanjani, ndiyo inayomwingiza! Ili aipate, hujifunza kwanza tabia ya moto, matumizi ya zana na kazi ya kikundi. Halafu hupimwa nguvu: anabeba mzigo wa kilo 20 hivi na kutembea karibu kilomita 5 kwa dakika 45, bila kukimbia. Kila mwaka hurudia somo la usalama na kupimwa tena. Na anayetaka kupanda cheo hupewa kijitabu cha kazi. Kila kazi aliyoifanya vizuri hutiwa sahihi na mtu aliyemwona kwa macho akiifanya.

Lipo jambo moja hapo ambalo linatufaa sana. Vikosi vya mtaani, vinapozima moto wa eneo lao wenyewe, vinaweza kutumia vipimo vilivyowekwa na wakubwa wao wa pale pale. Lakini vikiitwa kwenda mbali kuungana na wengine, hapo hufuata kipimo kimoja cha wote. Maana yake ni kwamba kijiji hakina haja ya kungoja mpaka kipate magari na ndege. Kinaweza kuanza na kipimo chake, mradi kiwe kipimo kweli.

Sasa, kipimo cha kijiji kiweje? Mimi naona mambo matano.

Kwanza, somo. Kila mwanakikosi ajue vitu vitatu vinavyouendesha moto: majani makavu, upepo na mteremko. Ajue kuanzia kazi mahali palipokwisha kuungua au penye barabara, asije akazungukwa kwa nyuma. Ajue pia kukwatua barabara ya moto mpaka udongo mtupu uonekane.

Pili, usalama. Kabla ya kugusa moto, kikundi kiweze kujibu maswali manne. Nani analinda, akiutazama moto tu? Tutaitana kwa njia gani? Tutakimbilia njia ipi? Na mahali petu pa salama ni wapi? Likikosa jibu swali moja tu, msiingie.

Tatu, mavazi. Buti za ngozi, suruali ndefu na shati la pamba la mikono mirefu. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandia mwilini.

Nne, mtihani wa vitendo. Mtu asipewe cheti kwa kukaa darasani na kunywa chai. Apimwe mwendo na mzigo. Akwatue barabara ya moto, aongoze wenzake kutoka, huku mwalimu akimtazama. Mwanamke au mwanamume, kijana au mzee, kipimo ni kimoja.

Tano, daftari. Majina ya waliofaulu yaandikwe na kutunzwa ofisini kwa kijiji, pamoja na tarehe. Kila mwaka, kabla majani hayajakauka, warudie mafunzo. Asiyerudia, jina lake lisubiri.

Najua mtaniuliza: "Bwana Shamba, moto unangoja cheti?" Haungoji. Ndiyo maana tunapimana mwezi Mei, si siku ya moshi. Na asiye na cheti hakosi kazi: achote maji, ahamishe wazee, watoto na mifugo, afyeke majani kuzunguka nyumba, apeleke habari. Ila asisimame mbele ya ndimi za moto.

Mwingine atasema, "Babu yangu amezima moto miaka arobaini, leo apimwe na mtoto?" Mzee huyo ni hazina. Anajua pepo za bonde lenu kuliko mimi, basi na awe miongoni mwa walimu. Lakini akitaka kwenda mstari wa mbele, naye apimwe, kwani moto hauheshimu mvi.

Kwa mafunzo, mwoneni afisa misitu wa wilaya au wa shamba la miti lililo karibu nanyi, mkae naye kwenye mkutano wa kijiji. Na tusisahau chanzo chenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka mtu apate kibali kabla ya kuchoma. Moto usiowashwa hauhitaji kikosi.

Ndugu zangu, hatumtumi mtu kuvua kilindini asiyejua kuogelea. Basi tusimtume mtoto wa mwenzetu kwenye moto kwa sababu tu ana nguvu na hakuogopa. Kabla ya kupiga mbiu, kila kiongozi ajiulize: hawa ninaowaita, nani aliwafundisha?