Utumbo wa Mbuzi na Neno la Nabii



Wakristo wa Lodwar huuliza: ikiwa Mungu alisema kwa manabii, mbona Kumbukumbu la Torati 18 yakataza kubashiri? Mzee asomaye utumbo wa mbuzi, je, naye hasemi mambo yajayo?

Wazee hao nawaheshimu. Mzee wa Kiturkana akiutandaza utumbo huona humo mvua, maradhi, na njia watakayopitia maadui. Naye emuron, mwotaji wa ndoto, hutaja mnyama wa rangi fulani achinjwe ili balaa ipite. Huko pwani bundi akilia juu ya paa watu hushtuka, na Kiswahili huiita dalili ya namna hiyo ndege, njema au mbaya. Lakini angalieni: utumbo haukuulizi kama umemdhulumu jirani. Hutangaza tu, nawe hukimbia, au hutoa mnyama, ukabaki vile vile ulivyokuwa.

Nabii ametumwa na Mwenye neno, na neno hilo lataka jibu. Yona aliwaambia watu wa Ninawi kwamba baada ya siku 40 mji wao utaangamizwa. Siku zikapita, mji umesimama. Ingalikuwa ndege, tungalisema imedanganya. Kumbe watu waliacha uovu, mfalme akaketi majivuni, Mungu akawahurumia. Neno lilikuwa limefanya kazi yake. (Yona mwenyewe alikasirika, nadhani alipenda sifa ya mpiga ramli aliyepatia.)

Sasa twende Kakuma. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Miongoni mwao walikuwamo Waanglikana wengi wa Kidinka. Wakristo wengi wa kwao waliisoma Isaya 18, habari za watu warefu wa ng'ambo ya mito ya Kushi, wakasema: ndio sisi. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa huru, wakashangilia kwamba unabii umetimia. Desemba 2013 vita vikazuka, safari hii wao kwa wao, na maelfu wakaja Kakuma wakikimbia.

Je, Isaya alidanganya? Waliozika watoto njiani wana haki ya kufarijiwa na sura ile, wala simnyang'anyi mtu faraja yake. Ila haiishii kwenye bendera. Yaishia na watu wale wakimletea Bwana zawadi katika Sayuni. Aisomaye kama utumbo hutafuta tarehe. Aisomaye kama unabii huulizwa zawadi iko wapi, na kama mkono uichukuao una damu ya ndugu.

Nasi wenyeji wa Turkana tusidhani twaachwa. Vijana wakikusanyika usiku kwenda kuteka mifugo, utumbo waweza kuulizwa kama maadui wamelala. Nabii angewauliza ng'ombe wale ni wa nani.

Leo jioni someni Yona 3, kisha Isaya 18 yote. Ni aya 7 tu. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.